Ukuta, Wifi na Mtambaazi Usio na Jina

Jumatatu, 4 Machi

Miezi mitano! Mitano, mjukuu wangu! Daftari hili umeniachia wewe. Ukaniambia Bibi, andika, nikija nitasoma. Umekuja lini? Kifaranga uliyemwacha sasa ni mama wa watu. Shule sikwenda, herufi umenifundisha wewe kwa punje za maharage juu ya meza, na sasa mwalimu mwenyewe ndiye mtoro. Aibu! Kaa chini usome. Na kama umepitia kwanza kwa wifi yangu ukanywa chai yake, kama mara ile, funga daftari. Usisome.

Hujafunga? Haya.

Leo asubuhi namwaga maji ya kufulia, nasikia sauti ya mwanamume upande wa pili wa ukuta. Kwa wifi! Dada wa marehemu babu yako, mjane wa miaka tisa! Nikapanda juu ya ndoo. Nikachungulia. Kijana mwembamba, buti kubwa kuliko yeye, amepiga magoti. Wifi kasimama mbele yake, mkono kiunoni, kama anaposwa.

Kumbe magoti si ya wifi. Ni ya mmea. Ule mtambaazi wenye majani kama masikio ya panya, unaopanda ukuta wetu, huku kwangu na kule kwake. Ule ninaoanikia matambara ya jikoni miaka thelathini na kitu!

Nikauliza kuna nini. Wifi akanijibu kwa ile sauti yake ya darasa la nne. (Alisoma hadi darasa la nne. Umeshaambiwa? Umeshaambiwa. Hata kuku wangu wameshaambiwa.) Akasema huyu ni daktari wa majani, kazunguka kisiwa kizima, na mmea huu haujaandikwa katika kitabu chochote duniani. Na ameukuta kwake. Kwake!

Ndoo ikateleza. Nimechubuka goti.

Sina wivu. Nimechubuka tu.

Jumanne, 5 Machi

Goti limenipa akili. Nimelia kwa maumivu karibu na ukuta mpaka daktari kaja mbio. Nikamwonyesha. Akasema samahani Bibi, yeye hatibu watu. Nikamuuliza mimea je, anaitibu? Akasema hapana, anaipa majina. Daktari gani huyu! Mgonjwa yuko hoi, yeye anamuuliza unaitwa nani.

Lakini mbavu zinahesabika, maskini. Nikamkalisha. Mayai matatu, viazi, chai ya maziwa. Akala kama mtu aliyeachiwa leo kutoka kifungoni. Nikamuuliza kama mama yake anajua kuwa amekonda hivi. Akasema mama yake yuko mbali. Nikaongeza yai.

Akanieleza kazi yake. Ukipata mmea usiojulikana, unaueleza wote. Urefu wa jani, nywele za shina, vile vikono vya kujishikizia, ua, tunda. Kisha unaupa jina, linapigwa chapa, linakaa milele. Unaweza kuuita kwa umbo lake, au pahali ulipoota, au kwa jina la mtu. Jina lake mwenyewe hapana, kwao ni utovu wa adabu. Nikauliza, mtu gani basi? Akasema labda aliyeutunza. Akatazama ukuta. Akatazama kule kwa wifi!

Chai ikanipalia.

Sikiliza, mjukuu wangu. Mimi nimekuwa binti wa fulani, mke wa fulani, mama wa baba yako, bibi yako. Jina alilonipa mama yangu, nani analiita? Wewe mwenyewe unalijua? Usinidanganye. Limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye kadi ya kliniki, na karani alilikosea. Sasa kuna kitabu cha milele, na wifi ndiye aingie? Mwanamke ambaye jina lake lilikwisha kukaa katika daftari la mahudhurio miaka minne mizima? Mtu mmoja vitabu viwili?

Haiwezekani.

Jumatano, 6 Machi

Nimeukagua mmea wangu. Fedheha tupu. Kwa wifi kuna maua makubwa ya kijani kibichi, na vitunda vitatu vinaning'inia kama hereni. Kwangu? Makombo ya mkate. Unga-unga wa njano, ukipiga chafya umekwisha. Miaka yote hii nimeumwagilia maji ya kuoshea mchele! Hauna shukrani, kama watu fulani ninaowajua.

Mpango. Fundi cherehani wa pale kona ana kichaka cha maua meupe. Nimemwomba kikapu, nikamwambia ni ya mgonjwa. Si uongo. Mmea unaumwa. Nikachukua sindano, uzi wa kijani, nikakaa kwenye kigoda. Tangu saa sita hadi alasiri nimeshona. Ua baada ya ua, kwenye shina, mshono wa kufichika, ule niliotaka kukufundisha ukasema unakuumiza vidole. Maua arobaini na matatu! Mmea umependeza kama bibi harusi. Nimeutazama mpaka machozi yakanitoka.

Kesho atauona. Wifi atameza miwani yake.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari kaja asubuhi. Wifi nyuma yake, hakualikwa. Kijana kauona mmea, kashika kichwa, kasema Mungu wangu. Nikasema ndiyo, hutoa hivi kila mwaka, mimi nimeshauzoea. Akatoa rula, akapima ua, akaandika. Nimesimama wima kama askari wa gwaride.

Kisha akatoa kile kioo chake kidogo cha kukuzia vitu, akakibandika jichoni. Akasogea karibu. Akalivuta ua kidogo. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, Bibi, mbona ua hili lina fundo?

Nikasema mimea ya kisiwa hiki ina bidii.

Wifi! Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Akasema njia ya mwongo fupi, na ya wifi yangu imepigwa pindo kabisa. Nikamwambia afunge mdomo, nzi wanatafuta nyumba ya kupanga.

Daktari hakucheka. Mtoto ana malezi. Akawa anafumua mishono yangu mmoja mmoja, taratibu. Mara akaruka! Buti na yote. Nikadhani sindano imebaki. Kumbe ameona makombo yangu. Akapiga kelele, dume! Dume! Akasema wiki sita kazunguka mabonde asione hata jani la mmea huu, sembuse dume lake. Kumbe mmea huu maua ya kiume huota shina lake, ya kike shina lake. Wa wifi ni jike. Wangu ndio dume. Bila yote mawili maelezo yake yangebaki nusu.

Wifi akasema ndiyo maana halizai, jidume la kukaa tu. Nikamuuliza bila jidume langu vitunda vyake angevipata wapi, dukani? Daktari akainama kufunga kamba za buti. Zilikuwa zimeshafungwa.

Kwa hiyo sasa tuko sare. Lakini jina ni moja.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari kakata matawi, yangu na ya wifi, kayalaza ndani ya magazeti, gazeti juu ya gazeti. Juu ubao, chini ubao, kakaza kwa mikanda. Yanakauka yakiwa bapa. Kisha yanakwenda mjini, kwenye jumba lao la mimea mikavu, wakubwa wayatazame. Mzigo wote kauacha barazani kwa wifi. Eti kwake kuna upepo. Kwangu upepo umekatazwa na nani?

Mpango. Alasiri wifi kaenda kusaga. Nimepita mlango wa nyuma, ule ule anaotokea akija kuniazima chumvi. Ninayo kalamu ya wino mzito ya baba yako. Nikafungua mikanda, nikaandika jina langu, lile lenyewe, kwenye kila gazeti. Herufi kubwa kama mbuzi. Magazeti kumi na mawili! Sijawahi kuliandika kwa mkono wangu. La kwanza lilipanda mlima. La kumi na mbili lilinyooka kama mshono wa cherehani. Laiti ungeliona. Ungeliona kama ungekuwepo!

Nikakaza mikanda. Nikafuta nyayo zangu barazani kwa upindo wa gauni.

Wakubwa watafungua. Mmea wa nani? Huyo hapo, mara kumi na mbili. Watajadili nini tena?

Jumamosi, 9 Machi

Sina la kusema.

Nitasema. Kumbe magazeti hubadilishwa! Kila asubuhi! Yanafyonza maji ya mmea, yanatolewa, yanawekwa makavu, la sivyo tawi linaota ukungu. Nani aliniambia? Watu wa shule wanajua mambo kama haya, wananyamaza nayo.

Nimechungulia ukutani, wifi anawasha jiko. Kwa jina langu! Gazeti baada ya gazeti. Alipofika la mwisho akavaa miwani, akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka mwisho. Miaka arobaini sijamsikia akinitaja kwa jina hilo.  Kisha akasema ahsante wifi, umenipunguzia kuni. Akalitia motoni.

Nikalipuka. Nikamwambia mmea huu ni wangu, mimi ndiye niliyeuleta hapa. Akasema uongo, ni yeye. Daktari akasimama na daftari lake, akauliza hasa ni nani? Nikamwambia mimi! Enzi hizo nimeolewa juzi tu, nimekwenda kutafuta kuni kule kwenye bonde la mawe, kamba ikakatika, nikavuta mtambaazi mwituni nikafungia tita langu. Nilipofika nyumbani nikaufungua nikautupa hapa. Wifi akauliza, taratibu, kamba iliyokatika ilikuwa ya nani?

Nikakumbuka.

Ilikuwa yake. Tuliigawana. Tulikwenda wawili, tukarudi na matita mawili yamefungwa kwa mitambaazi miwili. Mvua ikatukuta njiani, tukakimbia tunacheka, kiatu chake kikabaki kwenye tope. Tulipofika tukatupa, wangu huku, wake kule. Hata ukuta haukuwepo. Ikaota yenyewe.

 Daktari akaandika kurasa mbili bila kuinua kichwa.

Wifi akanipitishia kikombe cha chai juu ya ukuta. Vijiko vitatu vya sukari. Anajua. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikakirudisha kikombe na mayai mawili ndani. Nikamwambia kile kiatu nilikiona siku ile. Nilikiacha makusudi, kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko changu. Akasema alijua. Miaka arobaini alijua!

Daktari kaondoka na boti ya saa nane. Nimemfungia viazi vya njiani. Nilipomkumbatia nikamnong'oneza jina langu sikioni, mara tatu. Wifi anasema naye alimnong'oneza lake. Lini? Nilikuwa nimesimama pale pale!

Jumanne, 5 Novemba

Miezi kumi na mitatu! Hata jina la mmea limefika kabla yako.

Barua imekuja, na kijitabu chenye mchoro. Mchoro wa haki! Jani, nywele za shina, vikono, ua jike, tunda. Na ua dume. Makombo yangu, yamechorwa makubwa kama sahani! Wifi akasoma, nami nikamshikia taa juu ya ukuta, maana mawingu yalitia giza. Mmea una majina mawili kama watu. La kwanza ni la ukoo wake. La pili ndilo jipya. Wifi akalisoma, si langu. Nikashusha pumzi, si lake pia! Daktari ameeleza katika barua kwamba maana yake ni wa ukutani. Anasema alijaribu kuchagua kati ya bibi wawili akakosa usingizi. Anaogopa kurudi huku ikiwa mmoja amekasirika.

Wa ukutani!

Wifi akavua miwani. Akasema kijana ana busara kutuzidi. Akasema dume huku, jike kule, ukuta katikati, na kila mmoja anamhitaji mwenzake, hilo si somo tosha kwa vikongwe viwili? Akalia. Nami nikalia. Tukakumbatiana juu ya ukuta, matofali yakanibana mbavu. Nikamwambia umesema kweli wifi yangu, tumejifunza, ugomvi umekwisha leo.

Nikarudi ndani. Nikakaa. Nikawaza.

Ukuta wa nani?

Fundi mwashi aliyeujenga bado yupo. Macho hayaoni vizuri lakini kichwa kizima. Nimekwenda kwake alasiri hii hii na mayai sita. Anasema alipochimba msingi alikuta mwamba upande wa wifi, akausogeza kwangu. Shubiri mbili nzima! Ukuta umesimama kwenye ardhi yangu. Basi nani yumo kitabuni milele?

Sina wivu. Nataka haki tu.

Kwa hiyo mara nyingine ukija, na uje Jumamosi asubuhi, kabla wifi hajaenda sokoni, lete tepu ya mafundi, ile ndefu. Usipitie kwake. Chai yake usinywe. Jina langu nimeliandika ndani ya jalada la nyuma la daftari hili, kasome sasa hivi, ulikariri. Ukifika mlangoni usiite Bibi. Liite hilo, kwa sauti kubwa, na uso uuelekeze ukutani.