Ghorofa ya Kwenda Chini

Alhamisi, 1 Novemba 1951

Nimerudi Kurui kutoka Soga. Miguu imevimba, kichwa kimejaa nuru. Matano, mpishi wa meneja wa shamba la katani, amenionyesha chumba kilichochimbwa chini ya nyumba ya bwana wake. Baridi! Giza! Chupa za mvinyo zimelazwa safu safu. Matano anasema hazinywewi, zinangojwa. Kadiri zinavyokaa ndivyo Wazungu wanavyozigombania.

Na mimi mabibo yananiozea chini ya mikorosho!

Jirani yangu Shomari ana baraza la saruji na hatupumui kwa ajili yake. Sasa mimi nitakuwa na ghorofa. Ya kwenda chini, lakini ghorofa. Mimi mwenyewe tone haliingii mdomoni, Mungu shahidi. Nitalaza tu, wanywe wao.

Nimemwambia mke wangu, Tatu, kwamba ni ghala la mihogo. Uongo mdogo, ila umeshaanza kuniwasha.

Ijumaa, 2 Novemba

Nimeanza kuchimba baada ya sala. Chumba cha kati, mlango nimefunga. Chumba cha pili yake amelala mama mkwe, Bi Biubwa, aliyeletwa kutoka Mlandizi kutibiwa kifua. Kakohoa, kaniita, kauliza kishindo ni cha nini. Nimesema panya. Kasema panya wa Kurui wana majembe, mashallah.

Nampenda mama huyu. Nilipoposa, watoto wake wa kiume walisema Mwinyimadi ni mtu wa maneno. Yeye peke yake alisema mwacheni, ana moyo. Ningemweleza ukweli leo leo. Lakini ni mcha Mungu, na mabibo ni mabibo. Nikashika jembe tena.

Jumapili, 4 Novemba

Shimo limefika kiunoni. Urefu wa mtu aliyelala, kwa sababu chupa lazima zilale. Udongo nautoa kwa karai, naumwaga nyuma ya nyumba.

Shomari kanikuta na karai. Kauliza hali ya mgonjwa. Nikasema hivyo hivyo. Kautazama udongo, kautazama mlango wa chumba, akavua kofia. Hakuuliza tena! Miaka tisa ya ujirani, leo ndiyo mara ya kwanza mtu huyu kuniheshimu. Nilimpita kimya, kichwa chini, kama mtu mwenye jambo kubwa. Niliona raha.

Jumanne, 6 Novemba

Chupa ishirini na nane, zote kutoka jalala la meneja. Nimekamua mabibo siku mbili, mikono imeiva. Nimejaza mpaka shingoni, nimegongomea vizibo, nimepaka nta, nimefunga kwa kamba ya katani. Haitoki hata pumzi. Zimelazwa. Juu yake, humo humo shimoni, nimetandika mkeka.

Jambo la ajabu: majirani wanaleta vitu. Bi Sikudhani kaleta unga. Mwingine nazi sita. Wananishika mkono kwa huruma na kusema Mwinyimadi, jikaze. Nikasema najikaza, kazi ni ngumu kweli. Tatu alikuwa shambani. Nimepokea vyote.

Alhamisi, 8 Novemba

Siku gani hii! Ee Mola wangu!

Asubuhi nimekuta majamvi yametandikwa uani. Wanaume wameketi. Mwalimu Mfaume wa chuoni yupo, msahafu mkononi. Mara anaingia shemeji Isihaka, mtoto mkubwa wa mama mkwe, katembea toka Mlandizi na bafta ya sanda kwapani, macho mekundu. Shomari ndiye aliyepeleka habari.

Habari gani? Nyumba yenye mgonjwa, jembe linalia ndani, udongo unatolewa: kila mtu wa huku anajua maana yake. Ni ufuo unachimbwa, maji ya kuoshea maiti yapate pa kuingia. Kila mtu anajua. Nami najua! Nilimchimbia baba yangu mwenyewe. Na siku zote sita halikunipitia kichwani.

Mama mkwe kasikia watu, akatoka mwenyewe na fimbo yake kuwaamkia wageni. Wanawake wakapiga yowe. Yeye kaitazama sanda, kamtazama mwanawe, kisha akaomba aonyeshwe chumba cha kati. Tatu ndiye aliyefungua. Mama kasimama ukingoni mwa shimo, analipima kwa macho. Kaniuliza polepole, Mwanangu, hata kunisubiri umeshindwa?

Ningeinua mkeka tu. Ningesema mama, ni pombe ya mabibo, mimi mpumbavu, si mwuaji. Maneno hayo tu. Lakini Mwalimu Mfaume alikuwa mlangoni, na Shomari nyuma yake. Nikaona aibu. Nikanyamaza, na mama akayaona machozi yangu akadhani ndiyo jibu.

Ndipo chini kukalia pa! Kisha pa! pa! pa! Mkeka ukaruka. Harufu ya mabibo ikajaa nyumba nzima. Mwalimu Mfaume alilowa kanzu mpaka magotini. Kasema astaghfirullah mara nyingi sana. Shomari alicheka mpaka akakaa chini, juu ya unga wa Bi Sikudhani.

Mama mkwe hakucheka.

Ijumaa, 9 Novemba

Wameondoka, mama na Isihaka. Tatu naye kafunga kanga zake akawafuata. Kasema pombe angesamehe, hata mihogo angesamehe. Ila nilimwacha mama yake asimame pale akiamini namchimbia, kwa kuogopa tu kuchekwa. Nyumba inanuka, na nimekula nazi peke yangu.

Jumatatu, 12 Novemba

Nimekwenda Mlandizi kwa miguu. Nikapiga magoti, shikamoo mama. Marahaba ilichelewa, lakini ilikuja. Nimelia kweli, si kwa kujitia. Mama kasema moyo wake haukuniacha, ila hawezi kulala nyumba yenye shimo linalomngoja. Fukia, mwanangu. Likifukiwa, Jumapili atarudi amalize dawa, na Tatu atarudi naye. Ni hilo tu! Nimeapa mbele ya wote.

Ijumaa, 16 Novemba

Nafukia. Lakini vuli imeshuka siku tatu, na udongo wangu wa nyuma ya nyumba umekwenda na maji. Limebaki shimo nusu. Udongo lazima utoke mahali. Nikachimba uani, penye kivuli cha mkorosho.

Jioni hii la ndani limejaa, nimelishindilia, hata alama halina. Ahadi nimetimiza. Roho nyeupe!

Na nimeliangalia hili la uani. Kosa langu, naliona wazi sasa, lilikuwa kuchimba ndani ya nyumba. Hapa nje hakuna atakayedhani ni ufuo. Ni kubwa kuliko la kwanza, kina cha kifua, kingo zimenyooka. Ubavuni nimechonga kishubaka kirefu upande wa kibla, jua lisifike, chupa zilale humo. Nimekata mbao za kufunikia, zimekaa sawasawa. Nimejilaza ndani kujaribu, ubavu wa kulia, uso kibla. Baridi safi!

Sijamwambia mtu. Mama mkwe anakuja kesho kutwa, na atapita hapa hapa. Nitampokea mimi mwenyewe, nimwonyeshe.