Daktari wa Moshi

Harufu ya dizeli isiyoungua vizuri ilimfikia Percy Ticona kabla hajamaliza supu yake ya mchana, naye akaiacha supu. Watu wa mtaa wa vipuri, katika mji wa Arequipa, walimwita Daktari wa Moshi, na hakuwahi kuwakataza. Karakana hakuwa nayo. Alikuwa na kibanda, koti jeupe, mashine ndogo ya kusomea hitilafu za injini, na mdomo usiojua likizo.

Pikapu ya kijani iliingia ikikohoa, imejaa magunia ya vitunguu, ekzosi ikitapika wingu jeusi. Dereva alikuwa mama wa miaka sitini hivi, kofia pana kichwani, uso mpole kama ametoka kanisani. Alijitambulisha: Hermelinda Apaza, kwa heshima Doña Hermelinda. Vitunguu vilikuwa vya kupeleka Juliaca, huko juu milimani, akaeleza, lakini gari likifika mlimani linaishiwa pumzi, na likisimama linatetemeka kama lina homa.

Percy alisikiliza amefumba macho, kama padri anayepokea kitubio. Kisha akachomeka mashine yake na, injini ikiwa inanguruma polepole, akaiamuru vali ifunguke. Vali isiyo na hitilafu ingefunguka, moshi ungerudi ndani, na injini ingeyumba. Hii haikuyumba hata kidogo.

"Mama, kuna vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini ukaungue tena," akasema. "Yako imekufa."

"Imekufa kabisa, au imezimia tu?"

"Ya kuzikwa, mama."

Tumpe haki yake: hapo hakudanganya. Ugonjwa Percy aliujua barabara. Uongo wake ulianzia kwenye dawa. Mara nyingi vali huwa imeziba masizi tu, na kopo moja la dawa ya kusafishia pamoja na mswaki mkuukuu vingetosha. Kila mara Percy aliisugua nyuma ya kibanda chake, akaipaka rangi ya fedha, akaifunga kwenye nailoni, akamuuzia mtu vali yake mwenyewe kama mpya kutoka Japani. Zile zilizoungua mota alizipaka rangi vilevile. Hizo zilidumu mpaka mteja akate kona.

Alipoifungua ya Doña Hermelinda, spana ikasita mkononi. Chini ya masizi ilichungulia rangi ya fedha. Aliitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Akauliza ni nani aliyemuuzia takataka hii, maana fundi asiyeuliza angetiliwa shaka.

"Kaka yangu ndiye aliyelileta gari mjini," akasema yule mama. "Anasema ni fundi mmoja mrefu, ana masharubu."

Percy alikuwa mfupi, na masharubu yalikuwa yamemkataa tangu ujana. Pumzi zikamrudia.

"Mafundi wengine hawana haya," akasema, kwa uchungu ambao karibu ulikuwa wa kweli.

Doña Hermelinda akakubaliana naye. Ndiyo maana, akasema, safari hii angelipa hata mara mbili ya bei, ila baada ya kujionea gari likipanda mlima bila moshi. Akafungua kidogo mtandio wake, na Percy akaliona bunda la noti, nene kama mkate.

Vali ya kupakwa rangi isingepanda hata tuta. Lakini pembeni palikuwa na pikapu ya Percy mwenyewe, ya aina ileile, na vali yake ilikuwa nzima. Angeiazima saa moja tu. Wapande, alipwe, washuke. Halafu angesema vali mpya sharti ikazwe tena ikishapoa, na hapo angezibadilisha kimyakimya.

Akafanya kazi alasiri nzima. Doña Hermelinda alikaa juu ya gunia akimenya maharage mabichi na kuuliza maswali. Je, hili bomba lenye masizi halisafishwi? Likasafishwa. Na gasketi hii iliyochakaa? Ikawekwa mpya. Percy aliungua vidole viwili, lakini akilikumbuka lile bunda, maumivu yalipoa.

Wakapanda barabara ya Juliaca. Gari lilivuta kama limezaliwa upya. Kwenye kona kali mama akaegesha, akasema kwa upole kwamba ndani ya gari ekzosi haionekani. Afadhali fundi ashuke aangalie kwa macho ya kitaalamu. Percy akashuka. Mama akakanyaga mafuta, akasogea hatua kadhaa, akatoa kichwa dirishani.

"Unaona moshi, fundi?"

"Hakuna kitu, mama."

"Basi umetibu. Kaka atafurahi. Aliniambia nimtafute mfupi, mwenye koti jeupe."

Akaondoka. Percy alikimbia, lakini hewa ya huko juu ni chache, na hatua ya ishirini ilimkuta ameshika magoti. Mjini, pikapu yake ilimsubiri bila vali.

Mwanamke aliyekuwa akiuza jibini kando ya barabara alikuwa akiitazama ile pikapu ya kijani ikipanda, kona baada ya kona, magunia yote mgongoni, bila hata uzi wa moshi.

"Gari safi," akasema. "Sijui fundi wake ni nani."

Percy akakung'uta koti.

"Ni mimi," akasema, na hakuweza kuzuia fahari kidogo.