Wiki ya Kumrekodi Bibi Editha

Sepuka. Jumatatu, 8 Julai 2024

Kwaya imekubali! Bibi Editha, anayetuongoza nyimbo tangu mimi sijaoa, anachukuliwa na binti yake Jumamosi asubuhi kwenda kuishi Mwanza. Miguu imemchoka na hapa hana wa kumwangalia. Ana nyimbo tatu za zamani ambazo hazijaandikwa popote. Akiondoka, zimeondoka. Mwinjilisti akauliza nani ana mahali pa kumrekodia. Nilisimama kabla hajamaliza. Nikasema nina studio.

Nina stoo ya alizeti. Lakini ina umeme, ina mlango. Kompyuta ninayo, maiki ninayo. Zimebaki spika za kusikilizia kazi. Siyo zile za sherehe. Za studio, ambazo haziipambi sauti.

Peniel, fundi simu na mpiga kinanda wetu, akaeleza mbele ya watu wote, bila kuulizwa, kwamba ziko aina mbili. Aktivu zina amplifaya, mashine ya kukuza sauti, humo humo ndani: unachomeka kwenye umeme, unaunganisha na kompyuta, unasikiliza. Pasivu hazina, mpaka uwe na amplifaya pembeni. Kwa chumba cha nyumbani, akasema, Mwalimu, yaani mimi, achukue aktivu. Akina mama wote wakatikisa vichwa kukubali.

Hapo hapo nikajua nataka pasivu.

Jumanne, 9 Julai

Singida mjini na kurudi. Dukani zilikuwepo aina zote mbili. Aktivu ni vidude vidogo kama mikate. Pasivu ni kubwa, nyeusi, nzito. Kitu cha kuheshimika! Nikamweleza muuzaji hoja yangu: amplifaya ikiwa nje, ikiharibika unatengeneza hiyo tu na spika zinabaki salama. Akasema ni kweli kabisa. Akauliza nina amplifaya gani. Nikasema ipo. (Ipo kwa binamu yangu Lazaro.) Akakubali tubadilishane na baiskeli yangu, niliyokuwa nimeipandisha juu ya basi kwa ajili hiyo.

Mke wangu Winfrida aliuliza baiskeli iko wapi. Nikamwambia kwamba muziki unahitaji moyo. Akasema maji nayo yanahitaji baiskeli. Msanii hajibu kila kitu.

Jumatano, 10 Julai

Amplifaya ya Lazaro iko Kinyangiri, harusini. Inarudi Ijumaa. Si neno. Nimeunganisha spika moja kwa moja na kompyuta. Zimetoa sauti. Sauti ya mbu ndani ya debe, lakini sauti.

Bibi Editha akaja na fimbo yake kujaribu. Nikampa shikamoo na kiti. Akaimba ubeti mmoja. Nilipomrudishia asikie, akauliza kama nimeshaanza. Peniel alikuwa mlangoni. Hakucheka. Ndicho kilichoniudhi. Nikawaeleza kwamba studio kubwa husikiliza kwa sauti ya chini ili kulinda masikio. Bibi akasema yake yalishalindwa na uzee.

Alhamisi, 11 Julai

Peniel amekuja na spika zake mwenyewe, aktivu, mbili, zimefungwa kwenye kitenge cha mkewe. Akasema, "Mwalimu, tumia hizi mpaka Jumamosi. Mimi wiki hii sina kazi nazo." Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikapokea, kwa ajili ya Bibi.

Dakika tano tu, zikawaka. Tukacheza ule ubeti wa jana. Kila kitu kikasikika! Bati likilia kwa jua. Kuku wa jirani. Na chini ya sauti ya Bibi, mtu anayepumua kama ng'ombe anayepanda kilima. Nikauliza ni nani huyo. Peniel akasema taratibu kwamba ni mimi, nilisimama karibu mno na maiki.

Kwa hiyo spika zake zina kasoro. Nahisi ni upungufu wa nguvu.

Bibi atakuja kesho saa tisa alasiri kuimba zote tatu.

Ijumaa, 12 Julai

Lazaro ameleta amplifaya saa nne asubuhi. Nikafikiri hivi: aktivu zina amplifaya ndani. Mimi nina nyingine nje. Mbili ni zaidi ya moja. Lazaro akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nimesoma.

Nikaunganisha amplifaya na spika ya kwanza ya Peniel. Pwa! Moshi mwembamba, harufu ya nywele zilizoungua. Nikajaribu ya pili, ili kuhakikisha. Nayo pia. Kisha taa ya amplifaya ikazima yenyewe, polepole. Lazaro akasema kwa Kinyaturu neno ambalo siliandiki.

Peniel alipofika alizitazama spika zake. Akasema, "Basi, Mwalimu." Akazifunga tena kwenye kile kitenge, vizuri, kama alivyozileta. Afadhali angenifokea. Nikamwambia achukue pasivu zangu. Alishukuru, akasema atazitafutia amplifaya. Kisha akasema bado tunaweza kumrekodi Bibi. Maiki ni nzima, kompyuta ni nzima, kusikiliza tutasikiliza hata mwezi ujao.

Nikasema hapana. Bila spika hakuna studio. Sirekodi gizani. Nikamtuma Lazaro akamwambie Bibi asije.

Jumamosi, 13 Julai

Gari limefika saa tatu. Nilisimama nyuma ya watu. Bibi Editha akaniita, akanishika mkono kupitia dirishani. Akasema, "Usijisumbue mwanangu, mimi nimeshaimba." Nikadhani anasema kuhusu maisha yake. Gari likaondoka. Binti yake hakupiga hata honi.

Nyumbani nilikaa bila kula. Ndipo Winfrida akatoa simu yake. Jana alasiri alikwenda kumuaga Bibi, akamkuta anabangua karanga za safari, akakaa kumsaidia. Simu akaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Akamwomba aimbe.

Zote tatu zipo. Tulisikilizia jikoni. Karanga zinasikika zikidondoka kwenye ungo. Katika wimbo wa tatu sauti inakatika mahali pa juu, Bibi anacheka, anasema ngoja, anarudia, anapita. Peniel aliingia katikati, akavua kofia, akabaki amesimama.

Nilitokwa na machozi kidogo. Moshi wa kuni.

Jumatatu, 15 Julai

Kwaya nzima imesikia. Wakasimama kumshukuru Winfrida. Mwinjilisti akaniomba neno. Nikasema mimi niliandaa mazingira. Makofi yalikuwa machache lakini yalikuwepo. Bibi amepiga simu kutoka Mwanza: nyimbo alizotumiwa na Winfrida, wajukuu wanazicheza kutwa.

Sasa tunataka kurekodi kwaya yote. Peniel anasema stoo ina mwangwi, tutundike mablanketi ukutani, yanatosha. Mablanketi! Nimesikia kwamba studio za kweli zinatumia trei za mayai. Winfrida ana trei kumi na mbili, zote zimejaa mayai, na mteja anazifuata saa kumi. Winfrida mwenyewe yuko shambani.

Nimehamishia mayai kwenye gunia. Yameingia yote, na juu bado kuna nafasi ya kufunga kamba.