Mshiriki Nambari Moja Agoma Kulala

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kituo cha Utafiti wa Usingizi.

Salamu nyingi, na pole kwa kazi.

Mimi ni mke wa Profesa wenu wa usingizi. Unanijua vizuri, ingawa hujawahi kuniona nikiwa macho. Ule mchoro wa mawimbi ya ubongo uliotundikwa kwenye korido yenu, karibu na mashine ya fotokopi, wenye maandishi "Mwanamke mwenye afya njema, akikoroma", ni mimi. Nimesikia kwamba Profesa anatakiwa kustaafu mwezi ujao, naye ameomba aongezewe miaka mitatu. Nakuomba, kwa heshima na taadhima, umnyime. Sababu zangu ni hizi:

1. Nywele. Kwa miaka ishirini na miwili mume wangu amenibandika nyaya kumi na sita kichwani kwa gundi kabla sijalala. Gundi hiyo haitoki kwa maji wala kwa maombi. Msusi wangu amenitimua. Anasema yeye alisomea kusuka, hakusomea ukarabati.

2. Heshima. Kwenye sherehe yenu ya mwaka jana, wewe ukiwa safarini, binti mmoja mtafiti alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia mbele za watu: "Shikamoo mama, digrii yangu yote nimeipata kwa mkoromo wako." Niliitikia marahaba.

3. Wageni. Wakwe walipokuja kuzungumzia ndoa ya binti yetu, mjomba wa bwana harusi alisinzia kwenye kochi baada ya kula. Watu wenye adabu hujifanya hawaoni. Profesa alipiga magoti mbele yake, akamfunua kope kwa kidole gumba, akatutangazia kwamba mzee anaota. Mzee alizinduka akakuta jicho la mkwe limekaribia kugusana na lake. Ndoa ilifungwa, ila mjomba hakuhudhuria, na mpaka leo akija kwetu anazungumza akiwa amesimama.

4. Ndoa yangu mwenyewe. Hapa naomba univumilie. Mimi nalala peke yangu kama mjane, tofauti ni kwamba marehemu yuko chumba cha pili ananisoma kwenye kompyuta. Usingizi wake yeye anaumalizia ofisini kwenu mchana, kajifungia. Wake wa wenzake huulizwa wameamkaje; mimi huarifiwa. "Umelala vizuri, isipokuwa saa nane na robo ulikasirika." Ni kweli nilikasirika. Nilikuwa namwota yeye.

5. Taratibu zenu. Nimezisoma, maana Profesa huziacha chooni. Zinasema kifaa chochote kilichotumika zaidi ya miaka kumi kiondolewe kazini. Basi Mheshimiwa, kama mimi ni kifaa, niondolewe. Kama ni mfanyakazi, nistaafishwe. Kama ni mke, nirudishiwe mume. Chagua lolote, Profesa hatabaki na mtu wa kumchunguza, na mtafiti asiye na wa kumchunguza akae nyumbani kama watu wengine.

Ili ujue sitanii, nimegoma kulala tangu juzi. Hivi sasa ni Jumapili alasiri, nimekaa wima kwenye kiti kigumu cha jikoni, nimekunywa vikombe saba vya kahawa, na Profesa anapitapita mlangoni na nyaya zake mkononi kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Nitalala siku nitakayoiona barua yako ya kumkatalia, yenye mhuri.

Msalimie mama watoto wako. Wasalimie walinzi, wahudumu na mtu wa fotokopi. Yule binti wa digrii naye msalimie, mwambie sina kinyongo.

Wako mtiifu, na aliye macho,
Mshiriki Nambari Moja

Nyongeza: Mheshimiwa, barua hii imechelewa kuingia kwenye bahasha kwa sababu nilipomaliza kutia sahihi nililala hapo hapo mezani. Nimezinduka nikiwa kitandani, nimefunikwa shuka, bila hata waya mmoja. Profesa alikuwa amelala ubavuni mwangu na viatu miguuni, kachoka kwa kunisubiri. Nilifurahi, nikasema leo nimepata mume. Kisha nikamsikiliza. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Hapumui. Nilihesabu mpaka thelathini na moja ndipo akavuta pumzi kwa kishindo, kisha kimya tena. Nimeishi na kazi yake muda wa kutosha kujua ugonjwa huo unaitwaje. Miaka yote hii hakuna mtu aliyemtazama yeye akilala, hata mimi. Naogopa, Mheshimiwa. Mpe hiyo miaka mitatu, mpe hata thelathini, ila kesho asubuhi mtume fundi wenu na mashine aje kumpima yeye, na asingoje barua rasmi. Tangu nianze kuandika nyongeza hii nimeshamwamsha mara nne.