Matoazi Yangu Yanalia Mara Moja Tu

Kianjokoma,
Jumatatu, 7 Julai 2025.

Kwa Mwalimu Phyllis Ruguru,
Kiongozi wa Okestra ya Jamii,
Runyenjes.

Mwalimu mpendwa,

KUH: KUKALISHWA BURE MBELE YA MAMA MKWE

Pokea salamu za heshima kutoka kwangu na kutoka kwa majani chai yangu, ambayo mwezi huu wa baridi hayataki kukua. Natumaini u mzima, na kwamba ile fimbo yako haijavunjika tena kwa kugongwa mezani kwa sababu ya watu wa tarumbeta.

Mimi ni mpiga matoazi wako, Runji, yule wa nyuma kabisa, karibu na mlango wa stoo ya ukumbi. Najitambulisha kwa sababu katika miezi hii mitano ya mazoezi umekuwa ukinitazama mara moja kila Jumatano, na hata hiyo mara moja unanitazama kwa hofu. Wimbo wetu mkubwa una vipimo mia tatu na kumi na viwili, yaani vile vijumba vidogo tunavyovihesabu kwenye karatasi. Katika vyote hivyo mimi nina kazi katika kimoja, cha mia tatu na nne. Kabla yake nimekaa. Baada yake nimekaa tena.

Ningenyamaza, kwa kuwa kunyamaza ndiyo kazi uliyonipa. Lakini siku ya tamasha, Jumamosi tarehe ishirini na sita, atakuja Mama Felicitas kutoka Githongo, upande wa Meru. Ni mjane, na ni mama yake Kinya, ambaye nataka kumuoa. Hajawahi kuniona. Kinya ameniambia kwamba mama yake ana njia moja tu ya kumjua mwanamume: humtazama akiwa kazini. Mchumba wa dada yake Kinya alikataliwa kwa kukutwa ameegemea jembe. Nawe unajua huku kwetu tukilimiana mashamba kwa zamu, anayesimama wenzake wakiinama hutungiwa wimbo na wanawake, na wimbo huo humfuata hadi sokoni. Sasa mimi nitaonekana nimeketi, mikono mapajani, huku watu thelathini na wanane wakitoka jasho mbele yangu. Nampenda Kinya, Mwalimu, na naogopa kumpoteza kwa sababu ya kukaa.

Kwa unyenyekevu, basi, naleta malalamiko yafuatayo.

1. Kuhusu fidla. Watu kumi na mmoja wanapiga fidla ya kwanza, na wote wanapiga kitu kile kile. Mimi nikienda kuchuma chai na watu kumi na mmoja, hatushiki kichaka kimoja, tunagawana mistari. Fidla wana noti nyingi hadi nyingine wanaziruka, nimewaona, halafu wanaendelea kusogeza upinde hewani kana kwamba hakuna lililotokea. Hizo wanazoziruka ndizo ninazoziomba. Mimi sichagui, hata zilizochakaa nitazichukua.

2. Kuhusu familia. Siku ya kwanza ulitufundisha kwamba okestra ina familia nne: ya nyuzi, ya mbao, ya shaba na ya vyombo vya kugongwa. Nikakubali. Lakini fluti ni chuma kinachong'aa kutoka kichwani hadi mkiani, na inakaa na watu wa mbao bila kuulizwa kitambulisho. Matoazi yangu ni shaba kuliko tarumbeta yenyewe, na nilipoomba kuhamia kwa watu wa shaba uliniambia nirudi kwa ngoma. Naomba kujua ni ukoo gani huu ambamo mgeni anapewa kiti na mtoto wa nyumbani anaonyeshwa mlango.

3. Kuhusu mpiga obo, lile zumari jembamba la mbao. Huyu analia noti moja mwanzoni, na okestra nzima inanyamaza na kujirekebisha kumfuata yeye. Mimi pia nina noti moja. Hakuna aliyewahi kujirekebisha kunifuata.

4. Kuhusu besi. Bwana Ahmednoor, ndugu yetu anayesafirisha bidhaa kati ya Maua na Embu, alipewa lile besi kubwa, fidla inayompita mtu kimo, kwa sababu ndiye peke yake mwenye pikapu ya kulibeba. Sisemi hapigi vizuri. Anapiga vizuri sana, na ni rafiki yangu. Nasema tu kwamba kama chombo hutolewa kulingana na usafiri, mimi huja kwa boda boda nikiwa nimepakata matoazi ndani ya gunia, na barabara ile inanistahilisha angalau noti tisa.

5. Kuhusu wewe mwenyewe, na hapa naomba usikasirike. Wewe hutoi sauti yoyote. Hupulizi, hugongi, wala huvuti uzi. Hata hivyo watu wakipiga makofi, wewe ndiye unayeinama kuyapokea. Nimelitafakari jambo hili katika vipimo vyangu vitupu, ambavyo ni vingi, nami nimegundua siri yako: unasogeza mikono. Kumbe watu hawaangalii nani anatoa sauti, wanaangalia nani mikono yake haitulii.

Kutokana na ugunduzi huo, naomba noti zigawanywe upya kwa zamu, kama tunavyogawana maji ya mfereji, leo fidla, kesho matoazi. Kama hilo ni gumu, naomba wimbo uanzie mwishoni, nipige pigo langu wakati mama mkwe angali anatafuta kiti, kisha nitoke nje nikapasue kuni mahali atakaponiona kupitia dirisha. Na kama hilo nalo ni gumu, naomba ruhusa ya kuja na debe la mahindi niyapukuchue nikingoja. Nimejaribu nyumbani. Kuanzia kipimo cha kwanza hadi cha mia tatu na tatu namaliza mahindi arobaini bila haraka, na sauti ya punje zikianguka kwenye karai inafanana kabisa na ile ngoma ndogo ya Mutembei, ambaye hukosa mazoezi kila anapopata cha kuuza sokoni. Baada ya tamasha, punje hizo zitatosha githeri ya okestra nzima, maharagwe nitaleta mimi.

Nangoja jibu lako, na kungoja nimeshakuzoea.

Wasalimie watu wote wa nyuzi, wa mbao pamoja na fluti yao, wa shaba, na mzee anayetufungulia ukumbi. Msalimie pia aliyetunga wimbo huu, kama yu hai, umwambie nina swali.

Wako kutoka kipimo cha mia tatu na nne,

Runji Mutegi,
Matoazi.

Tanbihi, Alhamisi. Barua hii nilikuwa nayo mfukoni jana, nikupe baada ya mazoezi. Utakumbuka mama mmoja mwenye kiondo aliyeingia na kuketi karibu na dirisha. Ahmednoor alikuwa amempa lifti kutoka Meru, amekaa mbele na besi liko nyuma, wala hakuniambia. Debe la mahindi lilikuwa chini ya kiti changu, tayari. Nilipomwona Kinya ameketi kando yake nikajua ni nani, mikono ikakataa kusogea, na mahindi sikuyagusa. Nilikaa nimenyooka, nikahesabu vipimo mia tatu na vitatu, macho kwenye fimbo yako. Kisha nikapiga. Mama akaruka, kiondo kikaanguka, nikajua ndoa imekwisha.

Tulipotoka nje aliniangalia mikono, halafu uso, kisha akamwambia Kinya nikiwa nasikia: "Hao wengine wote wako na maneno mingi. Huyu ananyamaza, anangoja saa yake, na akiongea mara moja kila mtu anasikia. Baba yako alikuwa tu hivyo."

Kinya alilia. Mimi nami ningelia, lakini nilikuwa nimebeba debe.

Kwa hivyo, Mwalimu, yote niliyoandika hapo juu yasahau. Ahmednoor anasema alikueleza shida yangu, ukanihurumia, na kwamba umeniongezea mapigo mawili. Nakuomba sana uyafute. Na kama kuna namna ya kulisogeza hili langu moja hadi kipimo cha mwisho kabisa, nitashukuru, maana tarehe ishirini na sita mama anarudi, na safari hii anakuja na wajomba.