Mke Mmoja wa Babu Ozias

Kwa furaha kuu, na baada ya sala nyingi na vikao vingi zaidi, Kamati ya Historia Inayofaa ya kanisa la Ammonton, Utah, iliutangazia umma kwamba marehemu Babu Ozias Pettingill, mwanzilishi wa mji, alikuwa na mke mmoja. Hadi wiki iliyotangulia alikuwa nao watano, kama kanisa lilivyoruhusu enzi zake. Kamati iliwapunguza kwa amani, bila talaka hata moja.

Kazi hiyo ilisimamiwa na mwenyekiti, Ndugu Delmont Pettingill, wakala wa bima, mtu wa kuvaa tai hata akikata majani. Delmont hakuwa mwongo. Aliamini tu kwamba ukweli ni kama ile jeli ya kijani yenye karoti ambayo akina mama wa kata yake hupeleka kila karamu: usipoigandisha vizuri bakulini, itamwagika mezani na kukuaibisha mbele ya wageni. Na wageni walikuwa njiani. Siku ya Waanzilishi ilikaribia, jiwe jipya la kumbukumbu lilikuwa linachongwa, na Mzee Thayne Ostler, mkubwa wa kanisa kutoka makao makuu, Salt Lake, angekuja kulizindua.

"Wale wanne wengine tumewaweka katika daraja la majirani wa karibu," Delmont alimweleza shangazi yake, jikoni kwake.

Shangazi Arvilla alikuwa anapanga viazi vya jibini kwenye sinia la kuokea, vile ambavyo mji mzima hula misibani. Akaweka mwiko chini.

"Karibu kiasi gani, Delmont? Maana Kirstine alimzalia mzee watoto tisa."

"Shangazi, suala la watoto halikuwemo kwenye hadidu za rejea."

"Huyo ni bibi yake baba yangu. Ni damu yako. Alikokota mkokoteni kwa mikono kuvuka nyika yote, akafika hapa miguu haina kucha, akachimba mfereji ambao mpaka leo unamwagilia majani yako. Mimi ni mzee sasa. Nataka kuliona jina lake kwenye jiwe kabla sijafa, basi. Kwani nimeomba dhahabu?"

Delmont alimwonea huruma, ila huruma yake ilikuwa ya kiofisi. Alimhakikishia kwamba jina hilo litazingatiwa katika awamu ya pili, pindi awamu ya pili itakapoundiwa kamati. Shangazi akarudia viazi vyake, akawa anavikandamiza kama vimemtukana.

Jumapili, pendekezo la jiwe lililetwa mbele ya waumini kama ilivyo ada. Wanaounga mkono wainue mkono. Mikono ikainuka ukumbi mzima. Wanaopinga, kama wapo, ishara hiyo hiyo. Hakuna mkono. Watu wa Ammonton ni watiifu mno katika jambo hili. Huinua mkono kabla swali halijaisha, wengine huinua huku wamesinzia, na upo mwaka waliidhinisha kwa kauli moja tangazo la mbwa aliyepotea. Arvilla hakuinua mkono upande wowote, na hakuna aliyemtazama.

Siku ikafika, na jua la Julai halina adabu. Bendi ilipiga, mikokoteni iliyopambwa ikapita, kisha Mzee Ostler akavuta kitambaa. Jiwe lilimetameta. Juu palisomeka: OZIAS PETTINGILL NA MKEWE PERMELIA. Chini yake, kwa herufi kubwa kidogo kuliko hizo, yalijaa majina ya wajumbe wanne wa Kamati, la mwenyekiti likiwa la kwanza.

Baada ya hapo huja kile ambacho watu wa Ammonton hukingojea kuliko hotuba zote: kila mke hutajwa, na wazao wake husimama wapigwe picha. Delmont akasogelea kipaza sauti.

"Uzao wa Babu Ozias na mkewe Permelia, tafadhali simameni."

Hakusimama mtu.

Delmont akatabasamu, akarudia kwa sauti ya juu zaidi. Mtu mmoja akakohoa. Ndipo mwenyekiti alipokumbuka jambo ambalo mji mzima hulijua tangu utotoni, na ambalo Kamati haikulijadili kwa kuwa halikuwa kwenye ajenda: Permelia, Mungu amrehemu, hakuzaa.

"Ndugu Delmont," Mzee Ostler alinong'ona, kipaza sauti kikiwa wazi, "hawa watu wote ni wa nani?"

"Ni wa Babu Ozias, Mzee."

"Na mama zao?"

"Majirani," akajibu Shangazi Arvilla kutoka safu ya mbele. "Majirani wa karibu sana. Kamati imethibitisha kwamba sote hapa tumetokana na watoto wa nje ya ndoa, tukianza na mwenyekiti."

Vijana wa nyuma walianza kucheka, kicheko kikasambaa mpaka kwa wapiga tarumbeta. Mzee Ostler hakucheka.

"Mama yangu mzazi ni uzao wa Sena, mke wa tatu," alisema. "Kumbe na mimi ni wa jirani."

"Karibu mtaani, Mzee," akasema Arvilla.

Mzee akamgeukia mwenyekiti. "Habari za wake wengi tumezichapisha wazi kule makao makuu, miaka mingi sasa. Mtu anazisoma kwenye simu yake. Ninyi huku mnamficha nani?"

"Wageni, Mzee."

"Mgeni ni mimi."

Arvilla alikuwa amesimama, peke yake, juani, mikono miwili juu ya mkongojo. Delmont alimtazama, na safari hii aliona aibu ya kweli, ile isiyohitaji kikao.

"Uzao wa Kirstine," alisema.

"Kirstine nani?" akauliza shangazi yake.

"Kirstine, mke wa Babu Ozias."

Robo ya uwanja ikasimama.

Lakini jiwe lilikuwa limejaa. Fundi mchonga mawe, LaVerl Stott, aliitwa, akalikagua juu hadi chini.

"Nafasi hakuna," alisema. "Labda nifute kitu."

Macho yote yakashuka chini ya jiwe. Wake waliokosekana walikuwa wanne. Wajumbe walikuwa wanne.

Mzee Ostler, mtu wa taratibu, akaugeukia umati. "Wanaounga mkono majina ya Kamati yaondolewe ili—"

Mikono ikainuka kabla hajamaliza. Na wa Delmont umo. Ulikuwa mkono uliozoea maisha yake yote, haukumngoja mwenyewe aamue. Alipoutambua ukiwa hewani, LaVerl alikuwa ameshawasha mashine, na ameanza na herufi D.