Namjibia Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amerudi nyumbani. Nyonga wameishona vizuri. Kichwa ndicho bado hakijatoka hospitali. Asubuhi kaniita kaka, akaniuliza mume wake yuko wapi. Nikamwambia yuko njiani.

Muuguzi katia programu kwenye simu ya mke wangu. Kila siku inamtajia maneno matano ayakumbuke, inampa hesabu za kutoa, halafu achore saa kwa kidole. Matokeo yanamfikia muuguzi kliniki, na binti yetu pia anayaona. Muuguzi anasema wazee wengi huchanganyikiwa baada ya upasuaji, na wengi hurudi sawa, ilimradi wafuatiliwe. Binti kasema matokeo yasipopanda kufikia Ijumaa, atamchukua mama yake akakae kwake. Nikauliza, na mimi je? Kasema chumba kina kitanda kimoja.

Haendi mtu. Nitamjibia mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweka barazani aote jua. Nikaketi mezani na simu yake. Kazi rahisi kama kumsukuma mlevi. Ile saa ndiyo usiseme. Nimetengeneza saa za watu tangu ujana, leo nishindwe kuchora moja? Nimejipongeza kwa chai ya pili.

Jumatano, 5 Machi

Nimejibu tena. Mke wangu kauliza mbona simu haimuulizi kitu siku hizi. Nikamwambia inapumzika. Akanitajia maneno ya leo, eti kayasikia dirishani: kijiko, daraja, sabuni, pamba, jirani. Mimi sabuni na jirani vilikuwa vimenitoka. Kabahatisha tu.

Jioni kaniita Baba Watoto, kama zamani. Nikageukia ukutani asinione ninavyolia.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Muuguzi kapiga simu, anasema matokeo ya mama yameporomoka. Eti yale ya Jumatatu, ambayo mke wangu aliyajibu mwenyewe, yalikuwa mazuri zaidi. Binti naye kapiga, sauti imekauka, kasema nimfungashie mama nguo.

Kosa ni la kioo cha simu. Kina mikwaruzo. Nimekisafisha kwa brashi yangu ya saa.

Ijumaa, 7 Machi

Muuguzi kaja mwenyewe, binti nyuma yake. Wakampa mama simu. Kakumbuka maneno yote isipokuwa moja. Saa kaichora nzuri, ningeitundika dukani. Muuguzi akanigeukia, akaniuliza taratibu: Baba, siku zote hizi nani alikuwa anajibu?

Nikatazama viatu vyangu. Binti akaelewa kabla sijafungua mdomo. Kasema kidogo tu mama abadilishiwe dawa kwa ajili ya ujanja wangu.

Muuguzi akanipa karatasi, kaniomba na mimi nichore saa. Nikachora. Akaitazama muda mrefu. Nikaitazama na mimi. Namba zote zilikuwa zimejazana upande mmoja. Kasema hiyo peke yake si hukumu, nikamwone daktari, wiki ijayo kuna nafasi. Simu yangu nayo kaitilia programu. Mama anabaki nyumbani. Binti kauliza kwa sauti ya chini kama kile chumba kitanifaa mimi.

Ninaogopa. Sikulijua hilo mpaka nilipoliandika.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu kanishika mkono tangu tulipoamka. Kasema kwa daktari tutakwenda wote wawili. Nikamwomba anijibie leo tu, yeye ndiye mwenye kichwa sasa. Kakataa katakata. Kasema nikijibiwa sitatibiwa, naye bado ananihitaji.

Maneno mazito. Nimeyasikia, nimeyameza.

Alipoingia kuoga nikabadilisha simu. Zinafanana. Sasa yuko barazani anajibu kwenye yangu, akidhani ni yake. Anachora saa huku anatabasamu.

Na ya kwake iko hapa mezani, inalia, inasubiri majibu. Acha nimjibie haraka kabla hajamaliza.